Fundi Aliyesoma Oili

Habari ya msiba ilinikuta kwa kinyozi, upande mmoja wa kichwa umeshanyolewa na mwingine bado. Simu iliita mara tatu nikaipuuza. Ya nne kinyozi mwenyewe akazima mashine yake akaniambia, "Pokea mzee, huyo ana jambo." Alikuwa jirani yangu wa zamani wa Kasokola, na hakuzunguka. "Mwalimu, fundi wa mashine hatunaye. Amekata roho asubuhi hii hospitali." Nikamuuliza fundi yupi, ingawa nilishamjua, kwa sababu Kasokola kuna mafundi wa kila aina, lakini ukisema fundi wa mashine bila kuongeza neno, ni mmoja tu. Kinyozi akauliza tuendelee au tuache. Nikamwambia endelea, mtu hawezi kwenda kuzika akiwa na kichwa cha namna hii. Nyinyi mnaonisoma kila wiki mtanisamehe, leo sina nguvu ya kugombana na mtu kuhusu barabara wala mbolea iliyochelewa. Naandika kuhusu mtu niliyemfahamu miaka mingi bila kuwa rafiki yake hasa, na kuhusu sentensi moja ambayo niliitamka mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu huu.

Baba yake alikuwa Msukuma aliyeshuka na ng'ombe kutoka kaskazini hadi Kasansa, na alitegemea mtoto wake angefuata mikia ya ng'ombe kama yeye. Mtoto akapenda kinachokula dizeli. Alipopata akili alikuja huku Mpanda, akajifunza kwa kufukuzwa gereji moja baada ya nyingine, mpaka akaishia Kasokola na mashine ya kusaga nafaka ambayo wenyewe walikuwa wameshaitupa. Aliifufua. Baada ya hapo kila mwenye mashine ya kusaga, kuanzia huku mjini mpaka Mishamo, alikuwa na namba yake. Alikuwa mrefu, mkimya akiwa kazini, mtani akiwa amekaa, na Kiswahili chake kilibaki na uzito wa kwao hadi mwisho. Neno lake kubwa lilikuwa moja, lile ambalo mafundi wote wanalo: kumisi. Injini ikiruka pigo, ikikohoa mahali ilipotakiwa kupumua, inamisi. Angeweza kuwa anakula ugali nyumbani kwa mtu, akanyanyua kichwa na kusema, "Mashine ya kule ng'ambo inamisi," na kweli nusu saa baadaye angeitwa.

Lakini sikio halikuwa sifa yake kubwa. Nilikuwepo siku moja mwenye mashine mmoja alipomwita akague injini aliyotaka kujivunia tu. Mafundi wawili walishaisikiliza wakasema nzima, na kwa kweli ilinguruma vizuri mno. Yeye hakuiwasha hata kidogo. Alilala chini yake, akafungua kizibo, akakinga oili kidogo kwenye dumu lililokatwa, akachovya vidole na kuisugua kati ya kidole gumba na cha shahada. Kisha akatoka juani akatuonyesha mkono wake mweusi. Ndani ya ule weusi kulikuwa na vipunje vinavyong'aa, vidogo kuliko unga. "Beringi hiyo inakufa," alisema. "Inajisaga yenyewe." Mwenye mashine akacheka, akamwambia mbona injini inalia vizuri. Jibu lake sijalisahau. "Nyie mnasikiliza tu, hamtazami. Mashine ina aibu, ikimwona fundi inatulia. Oili haina aibu. Kila kitu kinachoumia humo ndani kinadondokea kwenye oili." Yule bwana hakubadilisha kitu, na injini ilikufa kabla mvua hazijaanza, katikati ya foleni ya watu wenye harusi.

Naomba mkumbuke maneno hayo ya oili. Mimi niliyasikia kwa masikio yangu, nikayapenda, nikayarudia kwa watu kama kichekesho, na siku yalipohitajika hayakunijia.

Mwaka jana walikuja wataalamu kupima moyo. Hawakutafuta wagonjwa. Walitaka watu wazima wa kawaida, wanaolima na kuuza na kuendesha bodaboda, wapimwe damu na kuchorwa mapigo ya moyo, ili ijulikane ni wangapi wanatembea na moyo usioenda sawa pasipo wao kujua. Jambo la maana kabisa, na mimi niliandika hapahapa kuwasihi watu wajitokeze. Fundi alijitokeza kwa ajili yangu. Aliniambia, "Umenisumbua na gazeti lako, twende basi." Upimaji ulikuwa shuleni, tukakaa kwenye madawati ya darasa la pili, magoti kidevuni. Kijana mwenye karatasi ya maswali akamuuliza, "Mzee, una tatizo lolote la moyo?" Fundi akajibu kwa fahari, "Sina. Mimi mtu akinikosea namsamehe palepale." Darasa zima likacheka. Kijana naye akacheka, akaweka alama kwenye hapana. Akauliza tena kama moyo wake huwa unakwenda mbio bila sababu. "Bila sababu hapana," alisema fundi. "Sababu yupo nyumbani, ananipikia." Tukacheka tena, mimi kuliko wote, na alama ikawekwa palepale. Walimlaza wakambandika nyaya kifuani, mashine ikachora mistari yake, wakasema mapigo yako sawa. Mashine ina aibu, ikimwona fundi inatulia. Wakamtoa damu kichupa kimoja, ikapelekwa mbali kwenye maabara, na sisi tukaenda kunywa chai.

Wiki kadhaa zilipita. Nikapigiwa simu na muuguzi wa ile timu, binti niliyemfundisha shule ya msingi na ambaye hadi leo ananiamkia kwanza hata akiwa na haraka. "Shikamoo mwalimu. Samahani, yule fundi uliyekuja naye simu yake haipatikani. Naomba umfikishie ujumbe, majibu yake ya damu yametoka na daktari anataka kumwona." Nikauliza kuna shida gani. Akasita. "Hilo ni lake mwenyewe mwalimu, siruhusiwi kukwambia wewe. Ila asichelewe." Alifanya sawasawa na alivyofundishwa, na simlaumu hata chembe. Siri ya mgonjwa ni ya mgonjwa. Aliyeitoa hadharani siri ambayo hata hakuijua ni mimi.

Nilimkuta Kasokola mashineni. Foleni ilikuwa ndefu, akina mama na ndoo zao za mahindi, vumbi la unga limewafanya wote wazee wa nyusi. Injini ilikuwa inanguruma kiasi kwamba huwezi kusikia unachofikiri. Nikasimama mlangoni nikampungia mkono, naye akaweka kiganja sikioni kunionyesha hasikii. Nikavuta pumzi nikapiga kelele kwa sauti yangu ya mstarini, ile ya kuita watoto mia tano. Wakati huohuo yeye, kwa adabu ya kutaka kunisikia, akakata mafuta. Injini ikanyamaza ghafla, na sentensi yangu ikaanguka yote ndani ya ukimya: "Majibu ya damu yako yametoka! Wanakutaka hospitali! Usichelewe!"

Sihitaji kumweleza mtu wa Katavi kilichotokea, lakini huenda wapo wanaonisoma kutoka mbali. Kwetu, kupima damu kuna maana moja. Unaweza kupimwa malaria, sukari, hata wingi wa damu yenyewe, na utasema nimepima malaria, nimepima sukari. Ukisema nimepima damu, watu wanashusha sauti. Ukisema majibu ya damu yametoka na daktari ananitaka, basi umeshasema yote, na wanaokusikiliza watakumalizia wenyewe. Neno hilo limebebeshwa mzigo wa ugonjwa mmoja kwa miaka mingi kiasi kwamba halina nafasi ya kubeba mwingine. Mimi nimefundisha Kiswahili miaka thelathini na kitu. Nilisahihisha madaftari ya watoto wa watu kwa kalamu nyekundu, nikiwaambia chagueni neno. Pale mlangoni sikuchagua. Niliona nyuso za akina mama zikiinama, nikaona mmoja anavuta ndoo yake karibu na miguu, nikadhani wamekerwa na kelele zangu. Fundi aliniangalia kidogo, akasema, "Nimesikia mwalimu. Wabeja," asante ya Kisukuma, akaiwasha tena injini. Mimi nikaondoka nikiwa nimeridhika kwamba ujumbe umefika.

Yaliyofuata niliyajua vipande vipande, na mengine nimeyajua juzi tu. Mke wake alipata habari kabla fundi hajarudi nyumbani kula. Hakumgombeza. Alifunga nguo zake akaenda kwao Kasansa, akapima, akasubiri, akapima tena, akarudi na karatasi mbili safi akiwa amezikunja kwenye kanga. Akamwonyesha, akamwambia na wewe nenda tujue moja. Fundi alimjibu, "Wewe umepona, mshukuru Mungu. Mimi niache." Wateja hawakumkimbia, tusiwasingizie watu. Walifanya kitu ambacho naona ni kibaya zaidi: walianza kumhurumia. Walimsalimia kwa sauti ya hospitali. Walimwambia apumzike. Na hata kama ingekuwa ni ule ugonjwa waliodhani, tunao jirani zetu wanaomeza dawa kila siku na kulima ekari zao na kusomesha wajukuu. Dawa ipo, tunajua ipo, na bado aibu yake tumeihifadhi vizuri kuliko mbegu. Fundi alibeba vifaa vyake akaenda Mishamo, ambako mashine za dizeli bado ni nyingi na hakuna aliyekuwepo pale mlangoni siku ile. Huko alikaa msimu mzima, akirudi nyumbani mara mojamoja tu.

Nilionana naye mara moja tu baada ya hapo, na sehemu hii naiandika kwa shida. Ilikuwa hapa mjini, kwenye duka la vipuri. Alikuwa amepungua. Alisimama kusubiri pistoni yake, mara akakaa juu ya tairi kwa ghafla, mkono kifuani, kama mtu aliyekumbuka kitu. Nikamuuliza vipi. Akacheka kidogo. "Kifua, mwalimu. Siku hizi kinamisi. Kinakwenda vizuri, mara kinaruka, mara kinakimbia hovyo, halafu kinatulia chenyewe." Aliniambia hivyo, kwa neno lake, fundi ambaye maisha yake yote hakuwahi kulitumia neno hilo bila kuwa na uhakika. Na mimi, mtu wa maneno, nikamtania. "Umezeeka fundi. Mwaga oili, weka mpya."

Hakucheka. Akasema, "Oili yangu walishaitazama. Si wewe uliyeniletea majibu?"

"Kwani hukwenda?"

"Nitaenda."

Muuza duka akaleta pistoni, fundi akaigeuza juani, akaikataa, wakaanza kubishana, na mimi nilikuwa na safari yangu. Nikamgusa bega nikaondoka. Nimeishi siku hizi zote nikiurudia huo mguso wa bega, nikijiuliza ningepoteza nini kama ningekaa na mimi juu ya tairi.

Alianguka Mishamo, pembeni ya mashine iliyokuwa inasaga. Waliokuwepo wanasema alikuwa amesimama anaisikiliza, akainua mkono kana kwamba anawanyamazisha watu, kisha upande mmoja wa mwili ukamwacha. Walipomfikisha hospitali mdomo ulikuwa umepinda na maneno hayatoki. Alilala siku tatu. Mke wake anasema alikuwa anamtazama na kumbana vidole kwa mkono mmoja uliobaki na uhai, akivisugua kwa kidole gumba na cha shahada, kama alivyokuwa akifanya kwenye oili. Yule binti muuguzi alimkuta wodini siku ya pili, akamtambua, na ndipo mke alipoelezwa kile ambacho kilimngojea mume wake kwenye faili kwa karibu mwaka mzima.

Baada ya maziko binti huyo alinieleza na mimi, kwa ruhusa ya mjane, taratibu kama mimi ndiye mwanafunzi. Moyo ukielemewa, kuta zake zikivutwa kupita kiasi, unaachia kitu fulani ndani ya damu, na maabara wanaweza kukipima. Mtu anaweza kuwa analima na kupanda baiskeli, hana habari, na kitu hicho kimeshapanda. Hakitaji ugonjwa kwa jina. Kinasema tu, mtazameni huyu kwa karibu. Kuna mioyo ambayo mapigo yake huvurugika saa moja na kutulia saa ijayo, kwa hiyo ukiichora ikiwa imetulia unaona mistari mizuri. Ndivyo ilivyokuwa kwa fundi. Karatasi ya mapigo ilikuwa safi, damu ndiyo iliyopiga kelele. Walitaka wamvalishe kifaa kidogo kifuani siku kadhaa ili waukamate moyo wake ukiwa unavurugika. Kwa sababu ukivurugika, damu hutuama kwenye kona ya moyo, inaganda, na siku yoyote donge linaweza kung'oka na kupanda kichwani. Dawa ya kupunguza hatari hiyo ipo. Ni vidonge. "Sisemi angepona kabisa, mwalimu," binti aliniambia. "Nasema angekuwa na nafasi." Nilimsikiliza huku nikiona ule mkono mweusi juani na vipunje vinavyong'aa. Alichokuwa anaeleza kwa dakika kumi, fundi angekielewa kwa sentensi moja. Nadhani hakuna mtu katika mkoa huu ambaye angekielewa haraka kuliko yeye.

Kwenye matanga watu walikuwa wakirudia methali ileile, mficha maradhi kifo humuumbua. Mzee mmoja aliisema mara mbili akiwa anatafuna, na nikamjibu vibaya, hadi watu wakageuka. Fundi hakuficha maradhi. Maradhi hakuyajua. Alificha maradhi ambayo hakuwa nayo, tuliyompa sisi, na yale aliyokuwa nayo akayataja waziwazi dukani mbele ya mtu mwenye elimu, na yule mwenye elimu akamtania. Methali zetu ni nzuri, ila tuna tabia ya kuzitumia kufunika shimo tulilolichimba wenyewe.

Mjane aliniita jioni ile, wakati wageni wanapungua. Alikuwa amekaa kwenye mkeka, miguu imenyooshwa. Nilikuwa nimeandaa maneno ya pole. Hakunipa nafasi ya kuyasema.

"Shemeji, wewe ulijua ni moyo?"

"Sikujua. Binti hakuniambia majibu."

"Lakini wale waliokuja kupima, ulijua ni watu wa moyo. Si uliandika gazetini?"

"Niliandika, shemeji. Nilijua."

Akatikisa kichwa polepole. Hakukuwa na hasira, na ningependa ingekuwepo. "Sasa mbona hukusema moyo? Ungesema tu, wale watu wa moyo wanakuita. Angeenda. Angeenda hata kwa miguu. Moyo hauna aibu."

Ningeweza kusema injini ilizimwa ghafla. Ningeweza kusema nilirudia nilivyoambiwa, neno kwa neno, kama tarishi mwaminifu. Yote ni kweli na hayasaidii kitu. Watafiti watakuja tena, na nawaombea waje, kwa sababu wapo wengi hapa Mpanda, Mpimbwe, na kule ziwani, ambao moyo wao unajisaga kimyakimya na mistari yao ni mizuri. Wakija, waulize maswali yao kwa lugha ambayo mkulima hawezi kudhani anaulizwa kama ana roho mbaya. Wakitoa damu, waseme mapema wanatafuta nini ndani yake, na waseme mbele ya watu wote, ili majibu yakitoka yasipokewe na mawazo ya foleni. Nasi tunaotumwa tujifunze kumvuta mtu pembeni, na kuuliza kwanza tukifika tuseme nini. Na mtu akikaa ghafla juu ya tairi akakuambia kifua chake kinaruka, kaa naye. Safari yako itangoja.

Juzi nilipita Kasokola. Mashine yake inaendeshwa na mtu mwingine sasa, na foleni ni ileile, ndoo na vumbi. Nilisimama mlangoni palepale nilipopigia kelele. Sina sikio lake, lakini hata mimi niliisikia. Ilikuwa inaruka pigo, inatulia, inaruka tena, na hakuna aliyenyanyua kichwa. Nikajikuta naisema ile sentensi kwa sauti ndogo, ile niliyotakiwa kuisema mwaka jana, kwa maneno yake mwenyewe: fundi, wametazama oili yako, moyo unamisi, twende.